Serahangi na Njia ya Kiwanda cha Barafu

Serahangi hakuonyesha njia kwa kidole. Kidole, alisema, ni cha polisi na mashahidi. Yeye alichongoa midomo, akaisukuma mbele kama anayepuliza chai ya moto, na kidevu kikafuata. Midomo mifupi, mahali ni hapo tu. Midomo mirefu mpaka mishipa ya shingo inatokeza, tafuta viatu vya kutembelea. Alidai amejifunza melini kwa Wafilipino. Nilimwambia bibi yangu kule Muheza alikuwa akionyesha kuku wake kwa midomo hivyohivyo na hajawahi kukanyaga meli. Akanitazama kwa huruma.

"Bibi yako alikuwa anaonyesha kuku, bibie. Mimi naonyesha miji."

Tulimwita Serahangi kwa kazi aliyoifanya karibu maisha yake yote ya baharini: mkubwa wa mabaharia wa deki, mwenye filimbi shingoni na matusi ya kila bandari. Nilipomfahamu alikuwa ameshaachana na meli, anaishi Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, kwenye ofisi ya mizigo ya mpwa wake. Mume wangu alikuwa akifunga marobota palepale. Kazi ya Serahangi ilikuwa kukagua mafundo ya kamba na kugombana na fundo lisilomridhisha, na hiyo ilimpa shughuli ya kutwa nzima, maana miaka ile kila mtu wa Dar na Unguja alitaka kontena lake lifike kabla hata halijajazwa.

Alichokuwa akikitafuta nilikijua tangu wiki ya kwanza, kwa sababu hakumficha mtu. Alikuwa amemzika rafiki yake Mfilipino kule Tanga, na watu wa marehemu hawakujua. Alitaka kuwaambia kaburi liko wapi kabla na yeye hajaingia lake. Mengine yote aliyoyafanya mjini pale, hata kugombana na mafundo, yalikuwa ya kupitisha muda.

Nijitambulishe kidogo, halafu nikae kando. Mimi ni mtu wa ndani. Nina kidato cha nne, na cheti chenyewe nimemwachia mama. Wenzangu waliokwenda China walirudi na habari za maghorofa ya jumla na maduka ya Yide Lu yaliyojaa midoli mpaka barabarani. Mimi ningeulizwa China ikoje, ningejibu kwamba ina ngazi nyingi. Tulikaa juu kabisa ya jengo lisilo na lifti, na kila nikikumbuka ngazi zile nilighairi safari. Nilijua kwenda kwenye bucha la Waislamu wa Kichina wenye kofia nyeupe, kwenye duka la mchele, na kanisani. Kanisani nako nilipelekwa na teksi kwa kadi yenye maandishi ya Kichina aliyonipa mume wangu, niionyeshe dereva, nikawa kama robota lenye lebo. Serahangi, aliyekuwa akila chakula cha mchana kwetu, hakuchukua muda kunipa jina.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Nanga. Leo umetoka?"

"Nimetoka hadi kibarazani."

"Mashaallah. Upepo ulikuwaje huko ughaibuni?"

Kuuliza njia, kwake, ilikuwa shughuli yenye adabu zake, na alinifundisha kwa Kitagalogi, lugha ya wenzake wa melini, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki jikoni kwangu huku mimi nikichambua mchele. Huanzi na swali. Unaanza na salamu, halafu unaweka neno *po*, la heshima. "Ni shikamoo yao," alisema, "ila wao hawaitoi mara moja wakamaliza. Wanaimwaga ndani ya maneno kama chumvi." *Saan po*, wapi tafadhali. *Kanan* kulia, *kaliwa* kushoto. Na wanapotofautisha hapa, hapo na pale, wanatofautisha kama sisi, wala hakunisumbua kunifundisha hilo.

Kisha yalikuja maonyo. Usimwamini anayesema *malapit lang*, karibu tu.

"Mfilipino akikwambia karibu tu, mshukuru, halafu ukakodi gari."

"Hata Muheza ni hivyo, mzee. Mtu anakwambia hapo tu, unafika umeota mvi."

"Ndiyo maana tulielewana nao."

Usiulize mtu mmoja, uliza wawili wasiofahamiana. Na la mwisho, ambalo alilisema akiwa ameshusha sauti: sikiliza anakupitisha kwenye kitu gani. "Mtu anakuelekeza kwa anachokipenda au anachokiogopa. Mlevi atakupitisha baa. Aliyewahi kuumwa na mbwa atakupitisha kwa mbwa, hata kama hapo kuna benki kubwa kama nini. Ukisikiliza vizuri, umeshamjua mtu kabla hujafika kwake."

Ungedhani mtu wa namna hiyo hapotei. Alipotea kila wiki. Kichina alikikataa katakata. Alisema amechelewa, kichwa kimejaa, na neno pekee alilolikubali ni *meiyou*, hakuna, alilolisikia kwa wauza duka na kulitumia kwa mpwa wake akiulizwa kama amekunywa dawa. Kadi za kuonyesha madereva alizikataa pia. Yeye alisimama kando ya barabara akisubiri Mfilipino apite. Na ajabu ya mji ule ni kwamba mara nyingi alipita: mwalimu wa chekechea, mpiga gitaa wa hotelini, fundi wa kiwandani aliyekuja kununua simu. Siku moja alitoka kwenda Yide Lu kumchagulia mteja kalamu na madaftari. Akakutana na kundi la wanamuziki wa Kifilipino wenye masanduku, akawauliza njia, wakamwambia twende tu, wakapanda naye gari. Alifika nao uwanja wa ndege wa Baiyun. Walipita ukaguzi, yeye akabaki anawapungia mkono kama mzazi. Mpwa wake alipomfuata alimkuta amekaa kwa utulivu karibu na mlango wa wanaowasili.

"Mjomba, Yide Lu na Baiyun wapi na wapi?"

"Mazungumzo yalikuwa matamu," alijibu.

Sasa nieleze habari ya rafiki yake, maana bila hiyo mzee huyu atabaki kichekesho, na hakuwa kichekesho.

Aliitwa Boy. Hilo ndilo jina la utani alilolijua kila mtu melini, na huko kwao, kina Boy ni wengi kama kina Juma kwetu. Alikuwa mtu wa mashine, chini kwenye joto. Mkoa wake ulikuwa Batangas, hilo Serahangi alilijua. Jina la ukoo alilijua pia, ila baadaye aligundua kwamba nusu ya mkoa inalitumia. Na mji? Boy hakuutaja. Alisema "sokoni" kama mtu wa Muheza anavyosema "sokoni": kwake lilikuwa moja tu duniani. Zamu zikipishana alfajiri, mmoja akipanda kutoka mashineni na mwingine akishuka kutoka deki, walikunywa kahawa pamoja, na Boy alimwelekeza kwake. Kila mara, njia ileile. Ukifika sokoni panda jipni, yale magari yao ya abiria yaliyorembwa kama yanakwenda harusini. Jipni ya kijani, inayoelekea mlimani. Ukiona kiwanda cha barafu, piga kelele, *para po*, simamisha tafadhali, ushuke. Kata kushoto. Vuka daraja la mbao. Pita kanisa dogo lisilo na kengele. Nyumba yenye bata bukini langoni ndiyo hiyo.

"Kwa nini alikuelekeza kila siku?" niliuliza. "Ulikuwa husikii?"

"Hakuwa ananielekeza mimi. Alikuwa anarudi nyumbani."

Boy aliugua homa meli ikiwa karibu na pwani yetu. Nahodha akamteremsha Tanga, na Serahangi, kwa kuwa Tanga ni kwao, akateremshwa naye amwangalie. Hakupona. Serahangi, Mwislamu wa swala tano, alimtafuta katekista, akasimamia kuchimbwa kwa kaburi, akapaka msalaba wa zege kwa rangi nyekundu iliyobaki melini, ile ya kuzuia kutu. Meli ikaondoka. Alipewa neno kwamba kampuni itawaarifu nyumbani, naye akaamini, kama ambavyo yeyote angeamini.

Miaka ikapita. Siku moja, bandarini Dar, alikunywa soda na baharia mmoja Mfilipino aliyewahi kusikia habari za Boy. "Yule?" alisema kijana yule. "Yule aliikimbia familia yake. Ameoa Afrika." Alikuwa ameyasikia melini tu, hata kwao Boy hakupajua. Serahangi akafuatilia. Kumbe kampuni ilikufa, wakala wa Manila alifunga ofisi, na habari ya kifo haikufika kwa mtu. Kilichofika ni uvumi.

"Nilimzika mtu mwema," aliniambia, "na kule kwao wanamtukana kila wakikaa kula."

Basi ndiyo sababu ya kuuliza njia. Hakuwa na nauli wala umri wa kuranda Batangas nzima akitafuta soko. Alichokuwa nacho ni yale maelekezo. Akafikiri: nikiyasema kwa Wafilipino wa kutosha, ipo siku mmoja ataniambia, hiyo nyumba naijua. Alilikamata wazo hilo kama mtu aliyeshika kamba, na mpwa wake alipomwita Guangzhou, mji wenye Wafilipino wengi kuliko Tanga, hakusita.

Hapo ndipo nilipoingia. Kanisa la mawe nilikosali liko jirani na Yide Lu, na Jumapili alasiri, misa ya Kiingereza ikiisha, Wafilipino hujaa uani. Serahangi alikuwa ameshajaribu kwenda peke yake, na mambo hayakwenda.

"Nanga, mwanamume mzee anayesimama nje ya kanisa akiuliza wanawake nyumba fulani iko wapi, wewe ungemjibu?"

"Ningeita mlinzi."

"Walimwita. Sasa nataka mwanamke pembeni. Na wewe huko unakwenda kila Jumapili."

"Naenda na kurudi, mzee. Sipendi kuzubaa barabarani."

"Utazubaa kwa thawabu."

Ndivyo mtu wa ndani nilivyotolewa nje. Mimi niliingia misani, yeye alingoja kwenye ngazi na kofia yake ya kiua kichwani, na tukitoka tulisimama pamoja uani. Wafanyabiashara wa Kizanzibari wa Xiaobei wakayasikia, na mmoja, muuza vitenge mwenye ulimi mrefu, akamkabili ofisini mbele ya watu.

"Serahangi, tunasikia kila Jumapili uko kanisani. Unabatizwa lini?"

"Nitakualika. Usije mikono mitupu."

"Astaghfirullah! Mzee mzima!"

"Wewe Ijumaa unaingia msikitini kuuza simu. Mimi Jumapili nasimama nje ya kanisa natafuta watoto wa maiti. Mungu atatupanga."

Yule bwana akaomba radhi, na kesho yake alileta haluwa.

Uani pale, Wafilipino walimzoea. Walimwita *Tay*, baba. Walicheka sana mara ya kwanza aliposema ametoka Tanga, maana kwao neno hilo ni tusi la mjinga, na tangu hapo alijifunza kutaja Tanzania kwanza, mji baadaye. Mwanamke mmoja mwalimu wa chekechea, mnene, mwenye sauti ya kuongoza rozari, ndiye aliyekuwa akikusanya wenzake wamsikilize. Wote walimwita Ate, yaani dada mkubwa, nami nikamwita hivyohivyo. Serahangi alisema njia yake, midomo ikichongoka kuelekea kwenye soko asilolijua, na wao walibishana. Kila mmoja alikuwa na kiwanda cha barafu cha kwao. Mmoja alisema jipni za kijani zinakwenda pwani, si mlimani. Mwingine alisema bata bukini wako kila lango la mkoa ule. Jumapili baada ya Jumapili walibishana kwa upendo, na kisha wakaagana, na sisi tukarudi Xiaobei bila nyumba.

Sitaki msomaji afikiri nilikuwa naishi na mtakatifu. Serahangi alikuwa mkali, mbishi, na mwenye kununa kwa sababu ya chumvi. Na lilikuwapo jambo lililonikera kuliko chumvi. Alikuwa na mke Tanga na watoto watu wazima, na nilivyojua mimi hawakujua hata jina la mtaa anaokaa. Siku moja simu ya ofisini ililia, akaambiwa ni binti yake, akachongoa midomo kuelekea mlangoni: mwambieni nimetoka. Siku hiyo nilimsema.

"Mzee, unahangaika watoto wa mtu mwingine wajue baba yao yuko wapi. Wa kwako je?"

Aligeuza kiti, akanielekea.

"Wa kwangu wakinitafuta, nipo," alisema. "Nitasikia maneno yao, nitayajibu, tutagombana. Boy hawezi kugombana na mtu."

Sikuridhika na jibu hilo, na hadi leo siridhiki nalo. Lakini Ijumaa iliyofuata mume wangu alimwona akimwomba mpwa wake ampigie Tanga.

Sehemu ya pili ya kazi yake ilikuwa kujiandaa kwa siku ya kuwapata. Alitaka atoe njia ya kaburini kwa Kitagalogi safi, kwa mtu asiyejua Kiswahili, anayeshuka Tanga mara ya kwanza na moyo umevunjika. Mimi nikawa mgeni wake wa mazoezi, kwa kuwa ninaufahamu mji wa Tanga na nilikuwa nimekaa tu.

"Umetoka Manila. Umeshuka stendi. Sema."

"*Saan po ang sementeryo?*"

"Usitabasamu. Unatafuta kaburi la baba yako."

Nikaacha kutabasamu. Njia yenyewe ilikuwa fupi. Toka stendi, fuata lami mpaka kwenye *riles*, reli. Vuka reli, kata kulia. Fuata ukuta mweupe, achana na lango kubwa, ingia lango dogo. Nenda safu ya ukutani mpaka kaburi la mtoto lenye vigae vya buluu. Pembeni yake, msalaba mwekundu. Nilimkosoa kuhusu mji, yeye akanikosoa ulimi, na wali ukaungua mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kisha kukatokea jambo. Alikuwa ananielekeza kama kawaida, tumevuka reli, halafu akasema, ukiona kiwanda cha barafu, kata kushoto.

Nilicheka. "Mzee, kiwanda cha barafu ni cha kwa Boy. Sisi tuko Tanga."

Hakucheka. "Rudia mwanzo," alisema.

Wiki hiyo alirudia sawasawa. Wiki iliyofuata alinivusha daraja la mbao katikati ya Tanga. Alijisikia mwenyewe akilisema, akasimama na kikombe mkononi.

"Nanga, njia zangu zinaingiliana."

"Ni uchovu, mzee."

"Si uchovu. Naiona reli, nikiivuka niko kwao Boy. Sasa zikichanganyika zote, hao watu wataambiwa nini? Atakayejua ni nani?"

Mpwa wake alimpeleka hospitali, wakampa dawa, na alipoulizwa kama amezinywa alisema *meiyou*. Kuanzia hapo tuligeuza mazoezi. Yeye akawa mgeni, mimi nikawa mwelekezaji. Nilisema njia nikiosha vyombo. Nilisema nikipanda zile ngazi, mkono mmoja na nyama na mwingine ukutani, na majirani wa Kichina wakanipisha.

Ate alikwenda kwao likizo ya Krismasi. Aliporudi, Jumapili ya kwanza, hakungoja misa. Alitukuta kwenye ngazi za kanisa akakaa chini karibu na Serahangi, na begi lake bado begani.

Alikuwa amealikwa harusi Batangas. Baada ya harusi akachukua siku yake ya mwisho ya mapumziko, akaenda kwenye masoko, soko kwa soko, akiwatafuta madereva wazee wa jipni na kuwasemea maneno ya Serahangi kama alivyoyasikia. Katika mji mmoja mdogo, dereva mzee alimwambia kiwanda cha barafu kilibomolewa, pale sasa wanapiganisha majogoo, lakini zamani watu walishukia hapo. Alikata kushoto. Daraja sasa ni la zege. Kanisa bado halina kengele.

"Na bata?" aliuliza Serahangi.

"Wapo. Mmoja aliniuma."

Mzee alifunika macho kwa kiganja, mabega yakatikisika, na sikujua kama anacheka au analia. Nafikiri hata yeye hakujua.

Lakini habari haikuishia hapo. Mke wa Boy yuko hai. Ate alipotaja jina la mumewe, mama yule alimwambia mtu huyo alikimbilia Afrika kwa mwanamke, na kama amekufa, basi amefia kwa huyo mwanamke. Akafunga mlango. Jirani ndiye aliyemkimbilia Ate barabarani kumpa namba ya binti, anayefanya kazi za ndani Hong Kong.

Ilichukua miezi binti kukubali. Mwishowe bosi wake alikuja Guangzhou kwenye maonyesho ya biashara na familia nzima, akampa Jumapili alasiri. Alikuja uani akiwa na begi kubwa kuliko yeye, nywele amezifunga kwa nyuma, uso wa mtu aliyejiandaa kudanganywa. Kitagalogi changu cha jikoni hakikutosha kwa siku ile, kwa hiyo Ate alininong'oneza kwa Kiingereza yale nisiyoyaelewa.

"Sijaja kupatana na mtu," alisema. "Nimekuja kusikia. Mama hajui kama niko hapa."

"Kaa, mwanangu," alisema Serahangi.

"Nitasimama."

Serahangi hakuanza na kifo. Alianza na soko. Jipni ya kijani. Kiwanda cha barafu.

"Kiwanda hakipo."

"Wakati wake kilikuwepo. Alishukia hapo." Kushoto, daraja, kanisa. "Langoni kuna bata bukini. Aliniambia ukifika usikimbie. Ukikimbia wanakuuma. Piga makofi."

Binti alikaa. Alikaa pale alipokuwa, kwenye sakafu ya mawe, begi mapajani.

Hapo Serahangi akaingia Tanga. Stendi, lami, reli. Nilikuwa nahesabu naye moyoni, na sauti yake ilikuwa imara. Akavuka reli. Akasema, kata kushoto, uvuke daraja la mbao.

Binti aliinua uso. "Hilo ni daraja letu."

Serahangi akachongoa midomo kushoto, kisha kulia.

"Tay, kaburi liko wapi? Liko Tanzania au liko kwetu?" Sasa sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, na watu uani waligeuka. "Nani amekufundisha maneno haya?"

Mzee alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile, wala kabla wala baada. Nikafungua mdomo, na kwa Kitagalogi kibovu ambacho Ate alikisikia akauma midomo, nikasema: hapana po, ukivuka reli, kulia. Ukuta mweupe. Si lango kubwa, lango dogo. Kaburi la mtoto, vigae vya buluu. Pembeni, msalaba mwekundu.

"Wewe umeliona?"

"Sijaliona. Mimi ni wa huko, reli naijua na ukuta naujua. Yaliyo ndani ya ukuta amenifundisha yeye, wakati alipokuwa anayakumbuka yote. Siku hizi yanamchanganya."

Alitutazama kwa zamu. Kisha akamuuliza mzee, taratibu, baba yake alikufa vipi. Na katika hilo Serahangi hakukosea hata neno. Homa. Hospitali. Dirisha lililokuwa halifungi. Siku ya mwisho Boy hakumjua tena, alimdhani abiria.

"Hakuniaga," alisema Serahangi. "Alikuwa ananielekeza kwenu. Sokoni, jipni, barafu, kushoto. Alifika darajani. Hapo darajani ndipo aliponyamaza."

Kutoka ndani ya kanisa kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, ikisimama na kuanza upya, ikisimama na kuanza upya. Binti alijifuta uso kwa mkono wa blauzi, akatoa simu begini, akapiga. Alizungumza haraka, bila kupumzika, na nilisikia *riles*, na nilisikia *pula*, nyekundu. Kisha akaweka sauti ya nje, akaishikilia simu katikati yetu kama mtu anayeshikilia taa.

Upande wa pili tukasikia jogoo wa mtu, na mbali zaidi, injini. Nilidhani mama ameiweka simu chini akaondoka. Binti aliita, *Nay*, mama, mara moja, halafu tena.

Sauti ikaja, kavu, ya mwanamke aliyekwisha kuzoea kusema maneno machache. Ate hakuhitaji kunitafsiria. Mama hakuuliza kama ni kweli, wala hakuuliza habari za mwanamke wa Afrika. Aliuliza mtu akienda huko anashukia wapi.

Serahangi aliipokea simu kwa mikono miwili. Akamsalimu kwanza, kwa heshima zote, kila neno na *po* yake. Kisha akaanza, kutoka stendi, na mimi nikasogea karibu yake nikamshika mkono, tukaelekea relini.